Kalamu Iliyomkana Mama Pasi

Mama Pasi alikuwa na majina mawili. La kwanza alipewa na wazazi wake, na lilikuwa kwenye kadi yake ya kazi. La pili alipewa na wenzake katika chumba cha kufulia cha hospitali, na hilo ndilo lililoshika. Yeye ndiye aliyeendesha pasi kubwa ya mvuke, ile inayonyoosha mashuka ya wagonjwa. Kulikuwa na sababu nyingine pia, ila wenzake waliitaja akiwa hayupo. Alikuwa mwepesi wa kupata moto.

Jumatano moja asubuhi alifika saa kumi na mbili na robo, kama kawaida yake. Mashine za kufulia zilikuwa zimeshaanza kunguruma. Sakafu ilikuwa imelowa, na harufu ya dawa ya kuua vijidudu ilimpokea mlangoni.

Kando ya mlango palikuwa na meza ndogo. Juu yake palikaa kibao cheusi chenye ukubwa wa daftari, na kalamu nene iliyounganishwa kwa waya. Mfanyakazi aliweka karatasi ya mahudhurio juu ya kibao, akaandika jina lake kwa kalamu hiyo. Taa ya kijani ikiwaka, amekubaliwa. Ikiwaka nyekundu, arudie. Kila furushi la mashuka safi lililokwenda chumba cha upasuaji lilisainiwa hivyohivyo, ili ijulikane ni nani aliyelikagua. Shuka chafu likimfikia mtu aliyepasuliwa, linaweza kumletea ugonjwa mwingine juu ya ule aliokuja nao.

Idara nyingine za hospitali zilitumia alama za vidole. Wafuaji hawakuweza. Sabuni na dawa zilikuwa zimewala vidole miaka mingi, hata mistari ya ngozi ikafutika. Kila asubuhi mashine ya vidole iliwakataa, na foleni ikafika hadi kwenye ngazi. Ndipo ikaletwa kalamu.

Mama Pasi aliandika jina lake. Taa nyekundu. Aliandika tena. Nyekundu.

"Leo imeamka vibaya," alisema Bi Kicheko, mwenzake wa kukunja mashuka.

"Ikiendelea hivi, atakayeamka vibaya ni mimi," alijibu Mama Pasi.

Aliandika mara ya tatu. Kibao kililia, tii, kikaonyesha maneno mawili: MWANDISHI HATAMBULIKI. Mama Pasi aliyasoma mwenyewe, silabi kwa silabi, bila kumwomba mtu msaada. Mwaka mmoja na nusu nyuma asingeweza.

"Sitambuliki?" alisema, na sauti ikapanda juu ya mashine zote. "Miaka kumi na minane nafua mashuka ya hospitali hii! Leo kalamu ya juzi inaniuliza mimi ni nani?"

Bi Kicheko hakucheka. Nyuma yao alikuwa amesimama msimamizi. Wafuaji walimwita Bwana Faili, kwa sababu hata akienda kula alikuwa na faili kwapani.

"Mama Pasi," alisema, "njoo ofisini."

Ofisi ya Bwana Faili ilikuwa na viti viwili. Alikaa kwenye kimoja. Kingine kilikuwa na mafaili, na hakuyaondoa.

"Mwezi huu kalamu imekukataa mara kumi na moja," alisema. "Siku nyingine imekukubali kwa shida."

"Basi ni mbovu."

"Wenzako inawakubali." Alifungua faili, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Hapa pameandikwa hivi, tangu siku uliyoajiriwa: Hajui kusoma wala kuandika. Sasa tazama saini hizi za mwezi huu. Herufi zimekaa sawa. Zimeungana vizuri. Hizi ni za mtu aliyesoma. Ni nani anayekuja kukusainia? Binti yako?"

Mama Pasi alihisi damu ikimpanda kichwani. "Binti yangu saa hizo anakwenda shule. Ni mimi."

"Tusipotezeane muda."

"Nimesema ni mimi!"

Bwana Faili alishusha pumzi. Halafu akalainisha sauti, kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa chungu. "Sikiliza, mama. Mimi nataka kukusaidia. Hii ni fomu ya likizo. Pumzika siku chache, mambo yatulie. Weka dole gumba hapa chini tu." Akasogeza karatasi na kidude cha wino wa kubonyezea dole gumba.

Mama Pasi aliichukua karatasi. Hakugusa wino. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza kwenda nalo polepole. Bwana Faili aliangalia saa yake. Alidhani mama anatafuta mahali pa kubonyeza.

"'Mimi niliyetajwa hapo juu,'" Mama Pasi alisoma kwa sauti, "'na-ki-ri kwamba nilimruhusu mtu mwingine kusaini kwa niaba yangu. Nakubali kuachishwa kazi bila madai yoyote.'"

Akainua macho.

"Hii ndiyo likizo?"

Bwana Faili alikirudisha kidude cha wino upande wake. "Wewe... umejua lini kusoma?"

"Unaniuliza hilo?" Mama Pasi aliipiga karatasi mezani. "Umeniona mjinga, ukataka nijichimbie kaburi kwa dole langu mwenyewe! Na ulikuwa unaniita mama! Hukuona hata aibu?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Na sisaini!"

Bwana Faili naye akapandisha. Alisema fundi wa kalamu angekuja Ijumaa. Hadi siku hiyo Mama Pasi asikanyage chumba cha kufulia. Ikithibitika kuna mtu aliyemsainia, kazi hana, na barua ya kufukuzwa ataifuata getini. Mama Pasi alivua aproni yake, akaikunja mara nne kama anavyokunja shuka, akatoka bila kuaga.

Alifika nyumbani na jua bado la asubuhi. Hakuzoea kuiona nyumba yake saa hizo. Aliosha vyombo vilivyokuwa safi. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa. Saa saba mumewe aliingia kula. Alikuwa mpaka rangi, na siku hiyo nyusi zake zilikuwa za bluu.

Mama Pasi alimsimulia yote, tangu taa hadi dole gumba. Mumewe alisikiliza akitafuna taratibu. Kisha akasema, "Mbona rahisi. Saini kama zamani."

Zamani ilikuwa hivi. Kalamu ilipoletwa, Mama Pasi hakujua kuandika. Usiku wa kuamkia siku ya kuandikishwa, binti yake alimwonyesha jina lake kwenye kadi ya kazi, naye akalichora kama mtu anavyochora nyumba. Aliishika kalamu kwa ngumi, kama anavyoshika mwiko wa kusongea. Aliibana hadi vidole vikauma. Kila herufi aliimaliza, akapumzika, akaanza nyingine. Karatasi ilikuwa ikitoboka. Jina hilo la kuchora ndilo lililoingia katika kumbukumbu ya mashine.

Baadaye jirani yao, mwalimu mstaafu, alifungua darasa la watu wazima kwenye baraza yake. Lilianza saa kumi jioni, siku nne kwa wiki. Wanawake walikuwa wanane na wanaume wawili. Siku ya kwanza Mwalimu aliushika mkono wa Mama Pasi, akakunjua vidole kimoja kimoja. "Kalamu haitoroki, mama," alimwambia. "Usiikabe koo." Wote walicheka, na Mama Pasi akacheka nao. Tangu hapo alijifunza kuishika kwa vidole vitatu. Mkono ulilegea. Herufi zikaanza kushikana. Sasa aliandika orodha ya mashuka bila kutazama mfano mahali popote.

Lakini hakuna aliyemwambia kwamba mabadiliko hayo yanaihusu mashine ya mlangoni. Yeye aliona ni jambo lake na Mwalimu.

"Hebu jaribu," mumewe alisema. Alimpa kalenda ya mwaka uliopita na kalamu ya kawaida.

Mama Pasi alikunja ngumi, akaibana kalamu. Mkono ulikumbuka. Lile jina la zamani likatokea, limepinda, limekwama, nene kama kamba.

"Umeona!" mumewe alifurahi. "Ijumaa andika hivyo. Taa itawaka kijani, na mambo yamekwisha."

Mama Pasi aliitazama kalenda. Hasira iliyokuwa imeanza kupoa ikawaka upya.

"Kwa hiyo nijifanye sijui, ndipo niaminike?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema! Wewe ulipoanza kazi ulikuwa unamwaga rangi sakafuni, nusu ya kopo ukutani na nusu chini. Sasa humwagi. Je, kuna tajiri aliyekuambia umwage tena ndipo akujue?"

Mumewe alifuta nyusi, bluu ikahamia mkononi. "Mimi naogopa upoteze kazi, mke wangu. Basi."

"Kazi naitaka," alisema Mama Pasi. "Na mkono wangu nautaka."

Jioni alikwenda darasani, lakini hakuandika kitu. Alikaa na daftari limefungwa. Wenzake walipoondoka, Mwalimu alivuta kiti karibu.

"Leo umenuna hata ubao umekuogopa. Kuna nini?"

Alipoelezwa, Mwalimu alikasirika pia, ila hasira yake ilikuwa ya kimya. Aliuliza swali moja. "Madaftari yako ya zamani unayo?"

"Yote manne."

"Vizuri. Kila ukurasa nimeandika tarehe na kuweka saini yangu. Yapeleke Ijumaa. Mwambie fundi aeleze mbele yako, wasijifungie chumbani wakatoka na jibu. Ukimwona anatumia maneno makubwa, mwambie arudie. Na karatasi yoyote usiyoielewa, usiisaini, hata anayekupa awe anatabasamu."

"Yule alitabasamu," alisema Mama Pasi.

Ijumaa fundi wa kalamu alifika na begi mgongoni. Mama Pasi alitarajia mzee mwenye miwani. Akaja msichana aliyevaa ovaroli, umri wa kuweza kuwa binti yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Mama Pasi, kwa ufupi. Hakuwa na salamu ndefu kwa watu wa kalamu.

Waliingia ofisini watatu: Mama Pasi, Bwana Faili na fundi. Safari hii Mama Pasi aliyahamisha mafaili kutoka kwenye kiti, akayaweka sakafuni, akakaa. Fundi aliweka kibao na kalamu mezani, akafungua kompyuta yake.

"Kabla hujaanza," Mama Pasi alisema, "nieleze hiki kidude kinanijuaje. Na useme maneno ninayoyaelewa."

Fundi hakuudhika. "Mama, mumeo akirudi nyumbani, unamjua kabla ya kumwona?"

"Namjua kwa hatua zake. Anaburuta mguu wa kushoto."

"Hivyo hivyo. Kalamu hii haisomi herufi. Hata haijui umeandika nini. Ndani yake mna vihisi, vidude vidogo vinavyohisi mkono wako. Kimoja kinahisi unakandamiza kwa nguvu kiasi gani. Kingine kinahisi kalamu imelala upande gani. Kingine kinahisi mwendo: unakwenda haraka wapi, unasimama wapi, unainua mkono wapi. Kila mtu ana mwendo wake wa kuandika, kama alivyo na mwendo wake wa kutembea."

"Kwa hiyo mtu akiiga saini yangu?"

"Ataiga umbo. Mwendo ni mgumu kuuiga. Bwana Msimamizi, hebu jaribu."

Bwana Faili alisita, kisha akachukua kalamu. Alitazama saini ya Mama Pasi kwenye karatasi, akainakili polepole, ulimi ukitokeza pembeni mwa mdomo. Alipomaliza, saini zile mbili zilifanana sana. Taa ilikuwa nyekundu.

"Kwa macho zinafanana," alisema fundi. "Lakini yeye alikuwa anachora. Alisimama mara ishirini na mbili. Mwenye jina lake huwa hasimami."

"Si ndicho nilichosema?" Bwana Faili alirukia. "Mashine haidanganyiki! Imemkataa huyu kwa sababu si yeye."

"Bwana Msimamizi, sijamaliza." Sauti ya fundi ilibadilika kidogo. "Mashine inalinganisha maandishi ya leo na sampuli iliyohifadhiwa. Yakipishana sana, inawasha nyekundu. Kwa nini yamepishana, yenyewe haijui. Pengine ni mtu mwingine. Pengine ni yuleyule, ameumia kidole, au anaumwa, au amesimama vibaya. Au ameanza kuzeeka, mkono unatetemeka. Taa hiyo inatuambia tuangalie. Kuangalia ni kazi ya mtu. Wewe uliangalia?"

Bwana Faili alifungua faili.

"Aliniletea wino," alisema Mama Pasi. "Ndivyo alivyoangalia."

Fundi aligeuza kompyuta ili wote waone. Palitokea michirizi minene, mizito, yenye mapengo mengi.

"Hii ni sampuli ya mama, miezi kumi na minane iliyopita. Anakandamiza sana. Anasimama baada ya kila herufi. Na kalamu imesimama wima, kama imeshikwa kwa ngumi."

"Ilishikwa kwa ngumi," alisema Mama Pasi.

Fundi alipitisha maandishi ya mwezi hadi mwezi. Michirizi ilianza kupungua unene. Mapengo yakaanza kuzibika. Ghafla akakoma. "Hapa pana kitu. Tarehe tisa asubuhi kalamu ilikuwa wima. Tarehe kumi imelala. Toka siku hiyo haikusimama wima tena. Nini kilitokea?"

Mama Pasi alikuwa ameshafungua mfuko wake. Aliweka madaftari manne mezani, akafungua la kwanza. Ukurasa wa mwanzo ulikuwa na mistari iliyopinda, na pembeni tarehe kwa wino mwekundu: tarehe tisa, mwezi uleule.

"Siku ile saa kumi jioni," alisema, "Mwalimu alinikunjua vidole."

Fundi alichukua daftari la pili, la tatu, la nne. Alilinganisha tarehe za madaftari na michirizi ya kompyuta. Mwezi Mama Pasi alipoanza kuunganisha herufi katika daftari, mapengo yalizibika katika kompyuta. Wiki mbili alizougua malaria zilikuwa tupu kote, daftarini na kwenye kompyuta. Fundi alichukua muda wake. Bwana Faili alipenga kamasi ambazo hazikuwepo.

"Angesainiwa na mtu mwingine," fundi alisema mwishowe, "tungeona siku ambayo mkono mmoja uliondoka na mwingine ukaingia. Kila kitu kingebadilika mara moja: nguvu, mwendo, mahali pa kupumzika. Hapa kushika kalamu kumebadilika siku moja, lakini nguvu imepungua kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Na kuna mahali hapa, kwenye herufi ya mwisho, mama huvuta mkia kwenda juu. Alivuta siku ya kwanza akiwa na ngumi. Jumatano hii pia alivuta. Huu ni mkono mmoja, bwana. Umejifunza kuandika."

Sauti ya mashine za kufulia ilisikika kutoka chini.

"Basi," Bwana Faili alisema, akijaribu kucheka, "kumbe jambo dogo. Mama aandike kwa ule mtindo wake wa zamani, mashine imkubali, turudi kazini."

Mama Pasi alisimama. Kiti kililia sakafuni.

"Siandiki hivyo tena. Sikilizeni vizuri, ninyi wawili. Nimekaa kwenye baraza ya jirani mwaka mzima, mgongo unauma, macho yanatoka machozi, nimetoka kazini nimechoka hoi. Watoto wa mtaa walinichungulia na kunicheka. Nimejifunza. Halafu mashine yenu isiponijua, mnataka nirudi nilikotoka? Mashine ndiyo ijifunze!"

"Mama ana haki," alisema fundi.

"Na wewe pia!" Mama Pasi alimgeukia. "Mlituandikisha tumesimama, mizigo mikononi, mnatupigia kelele tufanye haraka. Mkaondoka. Nani alirudi kutueleza? Nani alituambia mwandiko ukibadilika tuje kusema?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Hakuna. Tulikosea. Sampuli inatakiwa kuchukuliwa upya kila baada ya miezi sita, na sisi hatukufanya. Watu arobaini tuliwaandikisha kwa saa moja. Samahani, mama."

Mama Pasi alimtazama usoni. Huyu angalau alikuwa hajatabasamu.

"Kumradhi na mimi," Bwana Faili alidakia haraka, kama mtu anayedandia gari la mwenzake.

"Kumradhi ya mdomo haikai ndani ya faili," alisema Mama Pasi. "Uliandika nimelaghai. Andika kwamba sikulaghai."

Bwana Faili aliandika. Ilimchukua dakika kumi. Mama Pasi aliipokea ile barua, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaenda nalo bila haraka. Wote wawili walimsubiri. Alipofika mwisho aliirudisha mezani.

"Umesema lilikuwa kosa la mashine."

"Ndiyo."

"Mashine haikuniletea wino. Mashine haikuniambia hii ni fomu ya likizo. Andika tena."

Bwana Faili alimtazama fundi. Fundi alikuwa anasoma kitu muhimu sana kwenye dari. Bwana Faili akavuta karatasi nyingine. Safari hii jasho lilimtoka, lakini aliandika lililotokea: kwamba alimpa mfanyakazi karatasi ya kukiri kosa akaiita likizo, na kwamba alifanya hivyo kwa kudhani mfanyakazi hajui kusoma. Mama Pasi alisoma hadi nukta ya mwisho. Aliomba nakala mbili.

Kisha fundi akamwandikisha upya. Alimkalisha vizuri, akamshushia kiti, akamwambia aandike jina lake mara kumi. Mama Pasi alianza kwa madaha, kila herufi imepambwa.

"Hapana, mama," fundi alicheka. "Usiniandikie mimi. Andika kama unavyoandika orodha ya mashuka, na mashine inakuita, na Bi Kicheko anakupigia hadithi."

Mama Pasi naye alicheka, mara ya kwanza tangu Jumatano. Akaandika kama kawaida yake. Mara kumi. Mara ya kumi na moja ilikuwa ya majaribio. Taa iliwaka kijani kabla hajainua mkono.

Jumatatu iliyofuata wafuaji wote waliandikishwa upya, mmoja mmoja, wamekaa. Hapo ndipo mengi yalipojulikana. Bi Kicheko alikuwa ameandikishwa akiwa na kidole kilichofungwa bendeji. Mpanga mashuka mmoja alikuwa amemwachia mwenzake amwandikie, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Toka hapo mwenzake ndiye aliyemsainia kila siku, kwani mashine ilimjua huyo tu. Hakuna aliyefukuzwa. Walielezwa, wakaelewa.

Juu ya meza ya mlangoni pakabandikwa karatasi. Fundi alisema, Mama Pasi akaandika kwa mkono wake, herufi kubwa ili kila anayejifunza aweze kuisoma:

"Jiandikishe mwenyewe, usimwachie mtu. Kaa vizuri. Andika kama unavyoandika siku zote. Ukiumia mkono au mwandiko wako ukibadilika, sema mapema. Taa ikiwa nyekundu mara tatu, dai mtu akague. Una haki ya kuona kilichoandikwa juu yako na kuelezwa sampuli yako inatunzwa wapi. Usisaini usichokielewa."

Mstari wa mwisho aliupigia mstari mara mbili.

Jambo moja lilikuwa limebaki. Siku hiyo hiyo Mama Pasi alipanda ofisini na kuomba kuona faili lake. Bwana Faili alimpa bila kuuliza. Alikuwa amejifunza na yeye. Mama Pasi alishuka nalo hadi kwenye meza ya mlangoni, Bwana Faili akimfuata nyuma kwa wasiwasi. Wafuaji waliacha kukunja mashuka.

Alifungua ukurasa wa kwanza, akauweka juu ya kibao cheusi. Akatafuta ule mstari: Hajui kusoma wala kuandika. Akaukata kwa mchirizi mmoja. Chini yake akaandika neno moja, Anajua, na mbele yake jina lake.

"Aa, Mama Pasi!" Bwana Faili alipiga kelele. "Hairuhusiwi mtu kuandika kwenye faili! Nitasema nani ameandika hapa?"

Mama Pasi alifunga kifuniko cha kalamu. Alichukua aproni yake kwenye msumari, akaifunga kiunoni, pasi yake ikiwa imeshaanza kutoa mvuke.

"Iulize kalamu yako," alisema.

Taa ilikuwa kijani.